Lango la Wanaume

Mwanga wa asubuhi ulitua kwanza juu kilimani, kwenye stupa, mnara wa ibada wa Wabudha, ukakaa pale kama ndege aliyechoka. Huku chini, mto na vijiji vyake bado vilikuwa gizani. Sabal alikipanda kilima kuufuata, miguu mitupu, liwa imemkauka mashavuni, mwanawe kifuani.

Zeya, uko wapi?

Akiwa na mimba ya huyu mtoto, watu wenye bunduki walimshusha mumewe, Zeya, kwenye basi, yeye akitazama. Tangu hapo si salamu, si uvumi. Kila mwaka Zeya ndiye aliyebandika utando wa dhahabu kwenye stupa hii, kuiombea nyumba yao. Mwaka huu Sabal ameuleta mwenyewe, mwembamba kuliko pumzi, umelazwa kati ya karatasi mbili. Amwombee Zeya arudi. Lakini lango la ndani ni la wanaume. Mwanamke huishia hapo, dua yake mkononi.

Kaka zake wamekimbilia porini. Mwanamume aliyebaki nyumbani kwao ni mmoja tu, na hajaota jino.

Mzee mwenye meno mekundu ya tambuu alikuwa akifagia langoni.

"Mjomba, niingizie mwanangu. Aibandike dhahabu hii kwa mkono wake, kwa ajili ya baba yake."

"Huyu? Si atanikojolea, binti yangu?"

"Ameshanikojolea mimi njiani."

Mzee akacheka, akaegemeza ufagio. "Haya, njoo, bwana mkubwa. Mwanamume kamili huyu, nani atamzuia!"

Sabal akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Mwanamume kamili. Ndivyo walivyomwita Zeya walipomwambia ashuke.

Mzee akampokea mtoto na dhahabu, wakapotelea nyuma ya stupa. Vikengele vikalia juu, vikanyamaza. Mikono mitupu ikamwelemea kuliko ilipokuwa na mtoto. Halafu kilio, kilio cha mwanawe. Zeya, uko wapi? Na wewe, Lone, mwanangu, uko wapi? Akagusa kizingiti kwa ncha ya kidole cha mguu, akaurudisha mguu.

Mzee akatokea, kichwa chini.

"Nisamehe, binti yangu. Upepo umepita, naye kajipaka dhahabu usoni. Kwenye stupa kimeshika kipande kama punje ya ufuta."

Dhahabu ilikuwa shavuni mwa Lone, machozi yakiteleza juu yake.

"Nimkwangue, niirudishe?"

"Mwache nayo, mjomba. Hiyo punje itatosha?"

"Sijui, mama." Mzee akamkabidhi mtoto taratibu. "Ila amelipiga jiwe la stupa kofi kweli kweli. Kama mtu anayebisha hodi."

Walishuka jua limeshapanda, shavu likiwaka, wapandaji wakilichekea na kulinyooshea vidole. Kilima kilipoishia, barabara ikaanza, na kizuizi chake. Watu wenye bunduki walikuwa wakitazama nyuso, moja baada ya nyingine.

Sabal akavuta kitambaa, akaufunika uso wa mwanawe, akapita polepole, na ule mwanga ukihema kifuani pake.