Maumivu ya Kondo Yaliwahi Kuamka

Kondo alipozinduka wodini, kapasuliwa ngiri, alikuta maumivu yake yameshaamka zamani. Yamekaa miguuni pa kitanda, mafupi, mapana, yanakunywa uji wake.

Kitanda cha pili alilala Badru, shemeji wa diwani. Ngiri kama yake, daktari yuleyule. Maumivu ya Badru yalikuwa uvunguni yanakoroma.

"Mbona ya mwenzangu yamelala?" Kondo alimuuliza nesi Mwantum.

"Yeye tumemlaza na dawa ya usingizi ya kuchoma mshipani. Ile hata maumivu yakija, yanakuja na adabu. Wewe tumekuvutisha ya hewa."

"Kwa nini?"

"Ya mshipani haba, kaka. Tunawawekea wakubwa." Akayaambia maumivu yanyanyue miguu, akafagia.

Tabu ni kwamba Ijumaa Kondo alikuwa anamwozesha binti yake, Hajira, huko Kiongoroni. Nesi kasema hatoki mpaka atembee mwenyewe hadi mlangoni. Kila akijinyanyua, maumivu yanamvuta kwa nyuzi, anarudi chali.

Mchana akaingia Sufiani, dereva bodaboda, Mmatumbi, mtani wake.

"Mndengereko, hujafa tu? Mie nishaazima jembe."

"Sufi, usinichekeshe. Nyuzi zitakatika."

Sufiani akayatazama maumivu. "Haka ndiko kanakokuzuia kuozesha mtoto? Kabaya, sura yako kabisa."

Mmatumbi akichukua kitu cha Mndengereko, awe kuku, iwe kofia, hakuna kesi. Sufiani akayatia maumivu kwapani. Yaligoma kidogo kwa sababu ya uji, akayabebea na kikombe. Alipofika mlangoni alikuwa kajikunja, jasho linamchuruzika.

"Hata maumivu yako mavivu," alisema. "Hayataki kutembea."

Kondo akasimama, akatembea, akaruhusiwa. Ijumaa akamwozesha Hajira, akala pilau sahani mbili. Sufiani wiki nzima aliendesha pikipiki kapinda kama ndoano, na abiria walimwambia apunguze mwendo kwenye matuta.

Nesi Mwantum alimsimulia mganga mkuu. Mganga alifurahi sana, akasema hapo tatizo la dawa haba limekwisha. Siku hizi mgonjwa wa kupasuliwa akifika anaulizwa jina, kijiji, na kama ana mtani. Akisema anaye, anavutishwa hewa. Asiye naye anavutishwa vilevile, anaambiwa akatafute.

Juzi kaja diwani mwenyewe, naye ngiri. Hakuulizwa.