Damu Safi ya Mlinzi

Asubuhi ile fundi wa maabara alimkuta mlinzi wa getini amezama kwenye saruji mpaka vifundoni. Walimtoa kwa jeki ya gari, naye muda wote akiwaomba radhi kwa kuwachelewesha, kisha kila mtu akashika hamsini zake.

Fundi hakuwa na nafasi ya kuhangaika na miguu ya mtu. Nyumbani binti yake alikuwa amevunja kitanda, akavunja na sakafu, na sasa alilala kwenye shimo la kina cha kiuno. Mtaa wao ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri, na madini ya risasi yakishaingia kwenye damu ya mtoto, mtoto huwa mzito. Daktari alikuwa na dawa. Alichotaka ni majibu ya maabara yanayosema mtoto anaumwa.

Akaitia damu ya mwanawe kwenye mashine. Mashine husoma damu ya mgonjwa, ikasoma na damu safi, yaani ya mtu mwenye afya, kisha ikatoa hii kwenye ile. Kinachobaki ndiyo sumu. Hakikubaki kitu. Majibu yalikuwa sifuri, kama ya watoto wote wa mtaa ule.

Alifungua friji. Chupa ya damu safi ilikuwa imetoboa rafu zote na kutulia chini kabisa. Damu yenyewe ilikuwa ya mlinzi, jirani yake ukuta kwa ukuta, aliyejitolea kwa kuwa hajawahi kuugua hata mafua. Fundi alifunga friji, akaenda ofisini.

“Mkuu, damu yetu safi ina risasi,” alimwambia mkuu wa maabara. “Tunatoa sumu kwenye sumu.”

Mkuu hakuwa mtu mbaya, alimvutia kiti.

“Dada yangu, damu safi ni ile tuliyoipitisha kuwa safi. Nikiibadilisha leo, majibu yote tuliyotoa yatakuwa uongo. Nani ataenda kuwaambia wazazi?”

“Mimi ni mzazi.”

“Basi wewe umeshajua.”

Alipofika nyumbani, binti alikuwa ameshuka zaidi, ikabidi aazime ngazi. Alishuka, akajaribu kumnyanyua kwa nguvu zake zote. Hata mkono wa mtoto haukuinuka.

“Mama, daktari analeta dawa?”

“Majibu yametoka, mwanangu. Huna kitu.”

Mtoto akafurahi, akaomba aletewe mto wake. Mama akapanda kuufuata. Aliporudi nao, ngazi ilikuwa haifiki tena.