Mgeni wa Jumapili

Kila Jumapili asubuhi Dorotea alirudi kutoka zamu ya usiku na pakiti ya biskuti mfukoni, ananuka samaki hata baada ya kuoga mara mbili. Alikuwa mkata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja kando ya ziwa, minofu iliyokwenda Ulaya kwa ndege. Mumewe, Maige, alivuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kwenda kutafuta dhahabu Geita, na tangu hapo zilikuja salamu tu, tena kwa nadra. Alimwachia watoto watatu: Kulwa na Doto, mapacha walioanza shule mwaka huu, na Rebeka, ambaye wakati ule alikuwa bado ananyonya. Sasa Rebeka alikuwa na miaka mitatu, na tangu aachishwe ziwa alilala na kushinda kwa Paskazia, mama wa makamo kutoka Bukoba aliyepanga chumba cha pili katika nyumba ileile waliyoishi, mlimani Mabatini, na kuuza ndizi mlangoni.

Kulwa ndiye aliyempa Dorotea lile wazo, bila kujua. Walikwenda zahanati wawili tu kwa ajili ya sikio lake, na njia nzima mtoto yule, ambaye nyumbani hakuwa na neno, alimsimulia mama yake habari za shule, za mbwa wa jirani, na za ndoto aliyoota baba amerudi akiwa mfupi. Kumbe kila mtoto ana maneno yake, Dorotea akawaza, na mimi nimezoea kuwasikia wote pamoja, kama kelele. Akapanga kwamba siku yake ya mapumziko atakaa na kila mmoja peke yake, hata kama ni kidogo.

Lakini hakuwa amefikiria vizuri habari ya mapacha. Mama mkwe wake alimwonya tangu walipozaliwa kwamba mapacha hutendewa sawa. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa ataugua. Dorotea hakujua kama ni kweli, ila hakuthubutu kujaribu. Akimpeleka Kulwa ziwani wakakaa juu ya jiwe, lazima na Doto apelekwe, jiwe lilelile.

"Doto amekaa sana," Kulwa alinung'unika. "Mimi sikuona hata boti."

"Boti imepita yenyewe. Kwani mama ndiye aliyeileta?" Doto akamjibu.

"Basi na mimi nirudishwe, mpaka ipite nyingine."

Dorotea akarudi ziwani, macho yamemvimba kwa usingizi. Zamu ya Rebeka ilipofika, ama mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka wa Paskazia, ama mama mwenyewe alisinzia akiwa amekaa. Alimwachia biskuti zake na kujiambia, Jumapili ijayo.

Ndipo Jumapili moja alipoamua kuanza na Rebeka. Alimkuta mlangoni, kando ya ndizi. Mtoto alisimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Rebeka akavuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja. "Karibu ukae. Mama ameenda bombani."

Dorotea akakaa, maana alikuwa amekaribishwa. Baadaye alimbeba, wakashuka kuelekea ziwani. Mtoto alinyamaza mpaka walipofika barabarani, kwenye mafungu ya mitumba. Hapo aligeuka nyuma, asiione nyumba.

"Namtaka mama!"

"Mama si ndiye mimi?"

Kilio kikazidi. Kijana muuza mitumba akaiacha biashara yake, suruali moja ingali begani.

"Samahani, dada. Huyu mtoto ni wako?"

"Ni wangu."

"Mtoto, mama yako yuko wapi?"

Rebeka akanyoosha mkono kuelekea mlimani.

"Basi, dada, twende wote tukamwone huyo mama yake," kijana alisema kwa upole, huku watu wakianza kusogea.

Dorotea hakubishana. Alipanda mlima na mwanawe mikononi, na kijana nyuma yake, kama mtu anayesindikizwa kituo cha polisi.

Paskazia aliwaona akatua ndoo. "Wewe kijana, una wazimu? Huyo ndiye mama mzazi!"

"Nisamehe, dada. Mtoto analia vile, ningefanyaje?"

"Umefanya vizuri," Dorotea alisema, na alimaanisha.

Kijana alipoondoka, Paskazia alimgeukia Rebeka. "Huyu ndiye mama yako. Nimekwambia mara ngapi? Sema, mama!" Mtoto akajificha ndani ya khanga yake. "Naona haya mimi, Mama Kulwa."

"Mwache, dada. Huna kosa."

Dorotea alimtafuta mwenye kosa, asimpate. Alizitazama biskuti mkononi mwake. Wageni ndio hufika na kitu mkononi, wakakaa kwenye kigoda, kisha wakaenda zao.

Hata hajanywa chai, honi ya lori la kiwanda ikalia huko chini. Ililia hivyo kuwaita wafanyakazi samaki wengi walipoingia na ndege ikiwa inangoja, Jumapili au si Jumapili. Kwenye geti la kiwanda kila siku walisimama wanawake wanaongoja mmoja akose kufika ili wapewe nafasi yake. Akachukua buti zake.

"Mama, mgeni anaondoka," Rebeka alimwambia Paskazia. "Nimsindikize?"

Paskazia akamtazama Dorotea. "Msindikize," alisema. "Mwisho kwenye kioski."

Rebeka akamshika Dorotea kidole, wakashuka. Dorotea alitembea polepole kuliko alivyowahi kutembea maishani. Mtoto akaanza kuongea. Alimweleza kwamba kuku mwekundu hutagia kwenye kiatu, kwamba Doto hukoroma kama mashine ya kusaga, kwamba yeye haogopi radi, ila mama huogopa kidogo. Dorotea aliitikia, "Ehe," na "Kumbe," akihofia kuongeza neno lisije likamkatiza. Honi ikalia tena.

Kwenye kioski Rebeka akaachia kidole. "Mwisho hapa."

"Tusogee kidogo, mpaka pale kwenye mti."

"Mama amesema mwisho hapa."

Dorotea akachuchumaa, buti zikiwa mapajani. Alitaka kumkumbatia, akakumbuka kile kilio cha barabarani, akampa mkono tu.

"Haya, kwaheri. Karibu tena," Rebeka alisema.

"Ahsante. Nitakuja."

"Uje na biskuti."

Dorotea akasema atakuja nazo.