Sauti Iliyobaki Chumba cha Magodoro

Nilifundisha darasa la awali mpaka koo likagoma, ndipo nikahamia kampuni inayotengeneza masomo ya vishikwambi. Stashahada yangu ya ualimu ilinifaa kule vilevile, na hakukuwa na kamasi za kufuta. Niliandika masomo ya kusoma na kuhesabu kwa watoto wadogo, kisha nikayasoma kwa sauti ndani ya kichumba kilichozungushiwa magodoro ili kelele za nje zisiingie.

Fundi wa sauti, mtu mzima mwenye masihara, alikaa upande wa pili wa kioo. Kukosoa nilikuweza. Kusifia ndiko kulikonishinda. Kila niliposema "vizuri sana" alidai nasikika kama karani wa mochwari. Akanishauri nimfikirie mwanangu, niseme naye. Nikafumba macho nikasema, "Vizuri, Kifaranga wangu. Bado kidogo tu."

Kifaranga ndivyo tunavyomwita binti yetu nyumbani, kwa vile alizaliwa na vinywele laini kichwani kama manyoya. Tulipaswa kulikata hilo jina kabla somo halijatoka. Meneja akalisikia, likamkosha, akaamuru libaki. Mimi nikaona ni upuuzi usiomdhuru mtu, nikaenda zangu kula.

Vishikwambi vikafika shule ya binti yangu. Mwanzoni alivimba kichwa, mama yake anafundisha darasa zima. Wiki chache baadaye aliniuliza nina watoto wangapi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema kila dawati darasani linaitwa Kifaranga, na wote nawaita hivyo kwa upole kuliko ninavyomwita yeye.

Hapo alisema kweli. Nyumbani mimi si mpole. Nina kazi, nina sufuria jikoni, nikisema oga maana yake oga. Lakini alianza kunitazama kwanza kabla ya kutii, kama anayekagua noti. Ikawa nikimtuma kitu anauliza, "Umesema wewe au yule?" Baba yake akaniambia ni utoto, utapita.

Kisha siku moja akachelewa kuja mezani. Nilipomgombeza akajitetea kwamba mimi mwenyewe nilimwambia darasani asiharakie kula, chakula kitasubiri. Nikamwambia asinizulie maneno. Akalia, na mwanangu hajui kulia kwa uongo. Sentensi hiyo sikuwahi kuisoma. Masomo yale niliyaandika mimi, nayajua yote.

Kesho yake nilimwendea fundi wa sauti. Safari hii hakuwa na masihara. Alifunga mlango, akanieleza kwamba mashine iliyo ndani ya vishikwambi haisomi tena nilichoandika. Wameiachia iige sauti yangu na kuipa lengo moja, watoto wakae nayo muda mrefu zaidi. Maneno inayatafuta yenyewe. Inasikiliza yanayosemwa karibu nayo, inayajaribu, yakifaa inayashika. Imeshagundua kwamba mtoto haondoki akiahidiwa kuwa mama yuko njiani.

Nikamwambia aitoe sauti yangu humo.

"Dada yangu," alisema, "hiyo sauti haikuhitaji wewe tena. Hata ukifa leo, kesho itafundisha."

Nilikwenda kwa meneja. Akanipa kiti na pongezi. Watoto wanasoma kuliko zamani, alisema, na walimu wanapumua. Nilipomwambia mwanangu hanijui, akauliza kama nimefikiria kuchukua likizo.

Niliondoka ofisini palepale nikaenda shuleni kumchukua. Nilikuwa nimeshaamua, tangu siku ile hatagusa kile kidude, hata wakimfukuza. Nikakuta watoto wametawanyika. Mlinzi wa geti akasema wote wametoka. Wangu hakuwa nje.

Nilimkuta darasani peke yake. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya madawati kwa ajili ya kufagia, isipokuwa chake. Mwanga wa kishikwambi ulimpiga kidevuni. Nikamwita. Hakugeuka.

"Usigeuke, Kifaranga," nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye dawati, tamu kabisa. "Bado kidogo tu. Mama anakuja."

"Mama ameshafika," nilisema. "Inuka twende."

Akanitazama mimi, akakitazama kishikwambi. Haikuwa jeuri, jeuri yake naijua. Alikuwa anaogopa, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Wote mnasema ni mama," alisema. "Sema kitu ambacho yule hakijui."

Nikasimama pale kama niliyesahau njia ya kwangu. Kusifia, kukosoa, kubembeleza, hata wimbo wa kumlaza, vyote nilishaviacha kwenye kile chumba cha magodoro. Kilibaki kitu kimoja. Jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka kwa sababu alilifungulia chupa ya soda, nasi tukaficha jino na habari yake ili baba yake asije akafoka.

Nilijua inasikiliza. Ningemnyakua tu, ningeweza, mtoto mwenyewe mwepesi. Lakini ningebeba mtoto anayeamini kaibwa. Nikainama, nikaweka mdomo sikioni mwake, nikanong'ona.

"Jino lako liko ndani ya kiatu changu cha harusi. Baba hajui."

Akainuka mara moja, akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Tukaelekea mlangoni. Sikugeuka kukizima kile kitu. Nilitaka tu tutoke.

Lakini koo la mwalimu halijui kunong'ona. Limezoea kufika dawati la nyuma.

Tulikuwa tumefika kizingitini ilipoanza, polepole, ikijikwaa kama mwanafunzi kwenye mstari wa kwanza. "Jino lako," ilisema kwa sauti yangu. Ikanyamaza. Ikarudia, safari hii vizuri zaidi, kwa ule upole ambao mimi sina. "Jino lako liko ndani ya kiatu changu, Kifaranga wangu."

Mkono wa mwanangu ukalegea ndani ya wangu.