Utepe wa Chumba cha Utulivu

Hivi wewe umewahi kukaa chini ya taa inayolia? Si kelele ya kumfanya mtu ageuke. Ni mlio mwembamba, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa, na ukishausikia mara moja husikii tena kitu kingine.

Jicho aliusikia tangu saa tatu asubuhi. Ukumbi wa kiwanda ulikuwa na taa ndefu arobaini na mbili, na iliyokuwa inalia ni ile ya juu ya kiti chake, safu ya mbele, katikati. Kiti kilibandikwa karatasi: MGENI WETU MAALUMU. Kifuani walimbandika duara la njano, ukubwa wa kisosi, ili watu wajue kwamba asisemeshwe kwa sauti kubwa. Kila aliyeliona alimwinamia akamuuliza kwa sauti kubwa ni la nini.

Walimwita Jicho kwa sababu ya kazi yake. Chupa za dawa ya kikohozi zilipita mbele yake kwenye mkanda, naye aliondoa zenye lebo iliyokaa upande au tarehe iliyofifia. Miaka sita hakupitisha chupa mbovu. Miaka sita alikuwa kibarua. Leo barua za ajira ya kudumu zingetolewa jukwaani, na walishaambiwa: atakayeitwa asionekane ukumbini, jina lake linakatwa.

Dada yake, mpika chai wa kiwanda, alipita na birika.

"Mdogo wangu, unatikisa mguu mpaka safu nzima inatetemeka."

"Taa inalia."

"Najua. Vumilia mpaka wasome majina. Ukishaishika barua, hata ukitokea dirishani sitakuuliza."

Wiki tatu nyuma aliletewa fomu: Unahitaji nini ili ujisikie uko nyumbani siku ya sherehe? Yeye alisema, dada akaandika. Mstari mmoja tu, wakaupeleka ofisini wenyewe. Kilichokuja ni chumba. Stoo ya zamani ya maboksi ilipakwa rangi ya samawati, ikatiwa zulia, kochi na mito minne. Mlangoni kibao: CHUMBA CHA UTULIVU. Na utepe mwekundu.

Saa nne mlio ulikuwa umeingia kwenye meno. Jicho aliinuka, akatembea akigusa migongo ya viti mmoja mmoja, akamkuta afisa utumishi amesimama mbele ya utepe.

"Naomba niingie, mama."

"Hapana, baba. Hakijafunguliwa."

"Si ni cha kukaa mtu akizidiwa?"

"Ni chako wewe, nani kakukatalia? Lakini mgeni rasmi hajakata utepe. Na hiyo mito ni mipya, ukiilalia itaingia mikunjo kabla ya picha."

"Basi vizibo vya masikio. Mlisema vipo."

"Vipo, ndani ya mifuko ya zawadi. Mifuko inatolewa mwisho." Alimgusa bega kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. "Rudi kakae. Au unataka kutuaibisha siku tuliyokuandalia wewe?"

Karibu na mlango mkubwa palikuwa na kiti cha plastiki, kimoja, panapopita upepo. Juu yake waliweka shada la maua la mgeni rasmi. Jicho alikitazama, akarudi chini ya taa.

"Makofi gani hayo ya wagonjwa?" mshereheshaji alisema. "Nataka ya watu walioshiba."

Jicho alisoma lebo ya chupa ya maji iliyowekwa mbele yake mara kumi na tisa. Ilikuwa imekaa upande. Akaishusha chini ya kiti. Mhudumu akairudisha. Akaishusha tena.

Mgeni rasmi alifika saa sita kasorobo, na tarumbeta mbili. Kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, meneja aliamua mambo yaende kwa pamoja: yeye asome majina jukwaani, mgeni afungue chumba huku nyuma. Afisa utumishi alimshika Jicho mkono wa shati.

"Twende, kijana wetu."

Kijana wao alikuwa na miaka thelathini na minane na mvi za kutosha.

"Majina, mama."

"Dakika mbili tu."

Utepe ukakatwa. Wakaingia naye watu ishirini, wapiga picha watatu na tarumbeta zote mbili. Akakalishwa kwenye kochi. Wakampakatisha mto, wakauondoa, wakampa mwingine unaoendana na tai ya mgeni. Nyuma ya ukuta, spika ilimwita fundi wa mashine. Ikamwita mfunga maboksi. Kisha likatoka jina lake, lile kamili, la kwenye kitambulisho.

Akainuka. Afisa utumishi akamkalisha.

"Picha kwanza."

"Wameniita."

"Tulia bwana. Si chumba cha utulivu hiki?"

Watu wakacheka. Jina likasomwa mara ya pili. Akaisikia sauti ya dada yake, bila spika, kwa mbali: "Yupo, yuko hapo nyuma na mgeni." Na ya meneja, kwenye spika: "Mama chai, mtu anajiitikia mwenyewe. Hayupo ukumbini. Anayefuata."

Mgeni rasmi akainama, akamsogezea maikrofoni mdomoni.

"Waambie wenzako. Uliomba, kampuni ikakusikia. Uliomba nini?"

Chumba kikanyamaza, kwa mara ya kwanza. Jicho alikuwa anautazama mlango, uliozibwa na mgongo wa mpiga picha.

"Kiti," alisema. "Kile cha mlangoni. Nilitaka kiti cha mlangoni."