Sehemu ya Pili na Kichwa cha Shemeji

Kichwa nilichokiharibu Jumamosi ile kilikuwa cha mtu aliyekuwa anakuja kumposa dada yangu saa kumi jioni. Nilikiharibu saa nne asubuhi. Kwa hiyo tulikuwa na saa sita za kurekebisha mambo, na mimi dakika kumi za mwanzo nilizitumia kuyazidisha.

Nianze na dada. Mama alipotutoka, mimi nilikuwa na miaka tisa na yeye kumi na tisa. Baba alishatangulia zamani. Dada akaacha chuo, akaingia kiwanda cha kushona sare, akanisomesha mpaka shule yenyewe ikanichoka. Baada ya hapo nilibeba zege, nikalinda geti la ghala lisilokuwa na kitu ndani, nikafukuzwa na kwenye geti pia kwa sababu nilikuwa naongea na madereva. Ndipo dada akaninunulia mashine ya kunyolea. "Huku utaongea mpaka uchoke," akasema, "na watakulipa."

Aliwahi kuolewa mara moja, kwa miezi tisa, na jamaa ambaye siku moja alifunga safari na friji letu. Mimi niliumia kwa ajili ya friji. Dada aliumia miaka kumi na miwili.

Mwaka huu akampata mtu, fundi wa lifti, aliyefiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Lifti ya kiwandani ilikwama, dada akiwa ndani na maboksi ya vifungo, na huyo bwana akamzungumzisha kupitia upenyo wa mlango dakika arobaini nzima. Mlango ulipofunguka, dada hakuharakisha kutoka. Hilo alinisimulia mwenyewe, na alipoona naanza kucheka akanitupia kandambili.

"Jumamosi anakwenda kwa baba mkubwa," akaniambia. "Nakuomba kitu kimoja tu. Funga domo."

"Nitafunga."

"Yule wa friji ulimwita 'bwana harusi wa majaribio' mbele ya mama yake."

"Kwani nilikosea?"

"Nikiaibika safari hii," akasema taratibu, "sirudii tena. Umenisikia?"

Nilimsikia. Ila sikuwahi kumwona huyo fundi, na hapo ndipo shida ilipopata pa kuingilia.

Saluni yetu ina viti vitatu na vinyozi wawili. Mimi wananiita Redio. Mwenzangu wanamwita Kimya, na akisema maneno kumi kwa siku, ujue mawili kati ya hayo ni salamu. Ukutani kuna televisheni, na wiki ile kituo kimoja kilikuwa kinarusha filamu zote za *Kinyozi wa Saa Sita*, kwa kuwa ya kumi ilikuwa inakaribia kutoka. Kama hujaziona, hadithi ni moja: saa ikigonga sita usiku, anatokea kinyozi aliyekufa, anakunyoa mstari mmoja kutoka kipajini hadi kisogoni, halafu unabakiwa na siku tatu za kuishi. Sisi vinyozi filamu hizo zinatuhusu kikazi.

Mteja akaingia. Makamo ya hamsini hivi, shati limepigwa pasi mpaka linajisimamia, viatu vinang'aa, lakini kwenye kucha kuna weusi wa grisi usiokubali sabuni.

"Namba mbili, bwana mdogo," akasema akikaa. "Safi kabisa. Nina shughuli jioni."

Namba ni kile kitana cha plastiki tunachoivika mashine. Chenyewe ndicho kinachoamua nywele zibaki urefu gani. Ukisahau kukivika, hakibaki kitu.

Nikamfunga kitambaa, nikaanza pembeni. Akainua macho kwenye televisheni, uso ukachangamka. "Aa! Ya sita. Ile ya pacha."

"Bosi, na wewe unazitazama?"

"Zote tisa."

"Pole."

Akacheka, nami nikajiona nimepewa ruhusa. "Ya kwanza nakupa," nikasema. "Ya kwanza nililala na taa inawaka wiki nzima, na nilikuwa mlinzi wa usiku! Lakini ya pili? Eti anakuja mama yake. Ya tatu, mtoto wake. Ya nne, wanahamia kwenye nyumba ileile walimouawa watu kumi na mmoja, wanasifia madirisha. Ya tano wakampeleka angani. Angani, bosi! Nani anafungua saluni angani?"

"Ya angani ilikuwa na upungufu wake," akakiri.

"Ya sita, kumbe alikuwa na pacha. Ya saba, kumbe ya pili mpaka ya sita ilikuwa ndoto. Ya nane anapigana na daktari wa meno. Amekufa mara tisa huyo! Mimi nikiugua mafua mara mbili, mwenye saluni ananitafutia mbadala."

Wakati huo yule maiti wa kwenye televisheni akaishika mashine yake. Mimi ushikaji ule unaniudhi miaka yote. "Ona anavyoshika!" nikasema. "Kama mwiko! Mashine inashikwa hivi." Nikaivua namba, nikapuliza nywele, nikaiweka namba rafuni, nikamwonyesha mteja kwenye kioo jinsi kidole gumba kinavyokaa.

Kimya akakohoa.

Nikadhani ananiunga mkono. "Umeona? Hata huyu anakubali. Nikwambie kitu, bosi. Kitu kizuri kinakuja mara moja. Ya pili ni watu walioishiwa. Na siyo filamu tu! Biashara, ndoa, chochote. Ukimwona mtu anarudi kwa sehemu ya pili, jua hana pengine pa kwenda."

Kimya akakohoa tena, safari hii kwa uchungu.

"Na ndoa?" mteja akauliza. Kicheko kilikuwa kimeshuka kidogo.

"Ndoa ndiyo kabisa," nikasema, nikaipeleka mashine.

Ilipita kipajini, ikapanda utosini, ikateremka upande wa pili kwa ulaini usio wa kawaida. Mkono ndio uliogundua kabla ya macho. Katikati ya kichwa cha yule bwana kulikuwa na barabara nyeupe, imenyooka, kazi nzuri tu kama ndiyo aliyoiagiza. Kwenye televisheni mwenzangu naye alikuwa amemaliza kichwa kama hicho, ila yeye analipwa kwa kufanya vile.

Bwana akajitazama kwenye kioo. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

"Kwa hiyo nina siku tatu," akasema.

Nikaichukua namba rafuni, nikaivika mashine, kana kwamba ingerudisha kitu. Hapohapo mlango ukafunguka, dada akaingia na shati langu la jioni kwenye hanga.

"Nimekuletea shati, maana najua utavaa lile la—" Akamwona mteja. Uso ukamfunguka jinsi nisivyowahi kuuona. "Kumbe umeshafika hapa nilipokuelekeza! Mmeshajuana?" Kisha akauona mstari.

Hapo nikazitazama zile kucha zenye grisi, nikatamani sana kuwa angani.

"Ni ajali," fundi wa lifti akasema haraka. "Tulikuwa tunajadili sinema."

Dada hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Umesema nini?"

Ningeweza kudanganya, naweza kudanganya vizuri. Lakini huyu ndiye aliyeniosha masikio mpaka nikatimiza miaka kumi na miwili, anajua kila kona ya kichwa changu.

"Nimesema sehemu ya pili ni ya watu walioishiwa," nikajibu. "Na ndoa nikaitaja."

Dada akaliweka shati juu ya kiti cha tatu taratibu, kama linaweza kuvunjika. Akatoa simu kwenye mkoba. "Labda hujakosea," akasema. "Ngoja nimpigie baba mkubwa nimwambie asiandae viti."

Mashine bado ilikuwa inanguruma mkononi mwangu. Kimya akanyoosha mkono, akaizima.

"Subiri kwanza," fundi akasema akiwa na kitambaa shingoni na barabara kichwani, na bado alionekana mtu wa kuheshimiwa kuliko sote. "Huyu shemeji ana hoja. Ya kwanza ni nzuri, sibishi. Ya kwanza niliitazama na marehemu mke wangu, akanifinya mkono mpaka ukavimba, na sitaisahau mpaka naingia kaburini. Lakini ya kwanza unakaa kitini kwa sababu hujui kinachokuja. Kuanzia ya pili unajua. Unajua taa itazimika, unajua kuna mtu ataumia. Na bado unakwenda kukata tiketi." Akakisawazisha kitambaa. "Mimi najua taa inavyozimika. Na wewe unajua. Nimekuja hivyohivyo."

Dada alikuwa ameishikilia simu hewani.

"Hata ile ya angani uliikatia tiketi?" akauliza.

"Ile nilitoka katikati. Mtu lazima awe na mipaka."

Dada akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile. Kinaanza na mkoromo, ndiyo maana hukizuia. Akacheka mpaka akakaa juu ya shati langu.

"Sasa," fundi akasema, "hapa dawa ni kunyoa zote. Lakini kwa baba mkubwa siendi na upara peke yangu."

Wote watatu wakageuka wakaniangalia. Nywele zangu, lazima niseme, zilikuwa tangazo la saluni.

"Kaa," dada akasema.

"Dada, mimi nina wateja—"

"Kaa. Mashine nilinunua mimi."

Nikakaa. Akaiwasha, akahakikisha haina namba, akalima kutoka kipajini hadi kisogoni bila huruma, ulimi nje pembeni ya mdomo kama anafuata mshono. Alipomaliza, akarudi nyuma akaitazama kazi.

Kimya akapasua ukimya wa wiki nzima. "Hii ya pili," akasema, "imeishinda ya kwanza."

Saa kumi tukaketi sebuleni kwa baba mkubwa, vichwa viwili vinameremeta kama sahani za wageni, shati langu limekunjamana mgongoni. Mzee akavaa miwani, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mposaji ni yupi hapa?"

"Ni mimi, mzee," fundi akajibu.

"Na huyu?"

"Huyu amekuja kunyamaza," dada akasema.

Na nilinyamaza. Midomo ilikuwa inaniwasha, lakini nilinyamaza. Baba mkubwa akakoroga chai yake kwa muda mrefu.

"Wa kwanza alituondokea na friji," akasema hatimaye. "Wewe tukutegemee vipi?"

"Mimi nakuja na la kwangu, mzee. Zima kabisa. Ila mlango unalia kidogo ukiufungua."

"Unalia vipi?" dada akauliza.

Fundi akafikiri. "Kama ule wa sehemu ya nne."

Dada akakoroma, chai ikamtoka puani mbele ya wazee wote, na baba mkubwa, ambaye hajawahi kuingia sinema maishani mwake, akasema basi hilo friji lije.