Ugonjwa Umetoka Nyumbani

Mshauri wa kliniki alimwambia mama amkumbatie tena bintiye, na safari hii asimpigepige mgongoni kama anayemcheulisha mtoto mchanga.

Mama yule, mpiga pasi wa hoteli, akainuka. Kiuno kilimkaza. Miaka yote ile ya kuinama juu ya meza ya pasi si mchezo, na asubuhi hiyo alikuwa ameshanyoosha mashuka ya hoteli nzima kabla ya kumwomba tajiri wake ruhusa ya kutoka. Akamkumbatia Chiriku. Chiriku hakutulia. Tangu aanzishiwe vidonge, miguu yake ilikuwa ikikanyaga pale pale, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na ukimshika unahisi mwili mzima unataka kwenda mahali. Mama akajikuta anakanyaga naye. Wakawa wawili wanaotwanga sakafu katikati ya chumba, na mshauri anawatazama, mguu juu ya mguu.

"Unaona anavyohangaika ukimgusa?"

"Ni dawa, daktari. Hata akiwa peke yake yuko hivyo."

"Na wewe umekakamaa. Mdomo unasema nakupenda, mwili unasema niondokee. Mtoto anayekulia kati ya hayo mawili, akili yake inapasuka."

Alikuwa kijana mpole, tusimsingizie. Hakupaza sauti hata siku moja. Tangu kikao cha kwanza alieleza kwamba maradhi haya ya kusikia watu wasiokuwepo hayaanguki kutoka mbinguni. Hupikwa nyumbani, taratibu, na mpishi mara nyingi ni mama: mama mkali, mama baridi, mama anayebana. Akauliza Chiriku alikuwa akiambiwa nini utotoni. Mpiga pasi akacheka, akasema aliambiwa kama watoto wote: kula, oga, na huo mdomo utakuponza, maana jina la Chiriku hakupewa bure, alikuwa anaongea mpaka usingizini. Mshauri hakucheka. Akasema, kumbe mlimnyamazisha.

Basi kikao kilichofuata mama akanyamaza, akaambiwa ni baridi. Kingine akaongea, akaambiwa hampi mtoto nafasi ya kupumua. Sasa kabla ya kuingia alisimama kwenye kioo cha mlangoni kupanga uso, na uso ukakataa kupangika. Atabasamu? Watasema anaigiza. Alie? Watasema anajililia mwenyewe. Hasira ilimpanda na hakuwa na pa kuiweka.

Maana yeye alijua sauti anayoisikia Chiriku ilikotoka. Katika kiwanda cha viatu alikofungasha Chiriku, msimamizi hakai na watu. Anakaa juu, nyuma ya kioo cheusi, na juu ya kila meza kimening'inizwa kipaza sauti. Namba sita, umezubaa. Namba sita, huko chooni umeota mizizi? Mwanzoni Chiriku alirudi nyumbani akimwigiza, puani kabisa, na wadogo zake wakavunjika mbavu. Halafu shule zikakaribia kufunguliwa, viatu vikahitajika, wakaunganishiwa zamu mbili. Akawa anarudi hali, halali, haigizi mtu. Siku moja ya mapumziko alikuwa anaosha vyombo. Akaweka sufuria chini, akasimama wima, akasema, "Ndiyo, bosi." Jikoni walikuwemo yeye na mama yake tu.

Hayo mama aliyasema kikao cha kwanza. Leo akayarudia, huku amemshika mwanawe asianguke.

"Mama, pale wanafanya kazi mamia ya watu," mshauri alisema. "Mbona wengine hawakuumwa?"

"Mimi nimezaa wanne, daktari. Mbona watatu wazima?"

Mshauri akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kliniki ilikuwa ya kiwanda. Kitanda cha kiwanda, vidonge vya kiwanda, na kiti alichokalia yeye pia. Kwa upole ule ule akasema kwamba kama familia inaamini ni kazi iliyomuumiza, hiyo sasa ni kesi, na kesi hazitibiwi hapa. Wamchukue, wakatafute pengine. Huko kwingine kulikuwa hospitali kuu tu, ambako wagonjwa wa akili walilala wawili kwa godoro moja na dawa ilikuwa siku ipo, siku haipo. Lakini kama mama yuko tayari kushirikiana, kuna jambo dogo. Amtazame bintiye amwambie kwamba yeye ndiye aliyemuumiza. Mtoto akilisikia kwa mwenyewe, fundo litafunguka. Wiki ijayo arudi nyumbani.

Mpiga pasi akaomba maji. Muuguzi, mwanamke wa rika lake, akamfuata koridoni na kikombe.

"Kubali tu, dada yangu. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Wewe si unamtaka mwanao?"

Alimtaka. Alimtaka kuliko haki yake. Akarudi ndani, akamshika Chiriku mashavu, akasema, "Ni mimi mwanangu. Mimi ndiye niliyekuumiza." Chiriku akamkazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe, miguu yake ikatulia. Mshauri akasema vizuri sana, mama.

Wiki iliyofuata mpiga pasi alikuja na gauni la Chiriku, amelinyoosha mwenyewe mpaka pindo. Nyumbani wadogo zake walikuwa wamefagia, wamehamisha kitanda karibu na dirisha. Aliingia wodini karibu anakimbia. Chiriku alikuwa amekaa kitandani, kimya, na alipomwona akaziba masikio kwa viganja.

"Usiseme kitu, mama," alisema. "Nakusikia tangu asubuhi."

"Ndiyo kwanza nafika."

"Yule bosi ameondoka. Sasa ni wewe. Kutwa nzima ni wewe."

Mama akafungua mdomo, na Chiriku akajikunja kama anayesubiri kofi. Akaufunga. Alisimama pale na gauni mkononi, anahema, hajui aende mbele au nyuma. Kisha akaliweka gauni kitandani, akapiga magoti, akaweka viganja vyake juu ya viganja vya mwanawe, akavigandamiza masikioni mpaka akahakikisha hakuna kinachopita. Hapo ndipo akasema. Akasema alidanganya. Akasema hakumkosea kitu, walimkosea wale, na yeye alikubali maneno yao ili amrudishe nyumbani, na twende mwanangu, twende zetu. Chiriku alimtazama midomo ikienda.

Mshauri alikuwa amefika mlangoni.

"Unaona," alimwambia muuguzi, taratibu. "Hata masikio anamziba. Mgonjwa abaki, na mama asije kwa sasa."

Muuguzi akasema sawa, akaenda kulikunja gauni.